Fundi Anajibu: Suzuki Niiinue au Niilegeze Springi?

Safari hii barua za magari ya kupanda mawe zimekuja kwa wingi, na nimefurahi maana hii mada naipenda kuliko zote. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu sababu ndani yake kuna maswali ya watu wengine wengi walioniandikia, hizo mbili za mwisho nitazipitia haraka.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Ongata Rongai, nina Suzuki SJ413 ya springi (zile za majani) mbele na nyuma, injini ile ile ya 1.3, tairi bado za kawaida. Wikendi tunatoka na marafiki upande wa Magadi kupanda mawe na gari yangu ndo huwa ya kwanza kuinua mguu na kubaki inazungusha tairi hewani. Marafiki wananiambia nihamishe springi ziwe juu ya ekseli. Fundi mmoja Industrial Area anasema hiyo ni ya kizamani, nitoe springi zote aniwekee koili, zile za duara, na linki nne, yani fimbo za kushika ekseli. Na kuna jamaa anauza springi zilizoongezwa majani pamoja na shekeli ndefu, anasema siku moja tu gari iko juu. Pesa niliyonayo inatosha kitu kimoja, labda na chenji kidogo. Ndoto yangu ni kushindana Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini, siku moja. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nikuambie ukweli kabla ya yote, hao watu watatu wote wanakuuzia urefu, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza kwa nini tairi inabaki hewani. Gari ikiinua mguu haimaanishi iko chini sana, inamaanisha kuna kitu kinaizuia ekseli isishuke kufuata ardhi. Hicho kitu ndo cha kutafuta kwanza, na kukitafuta hakuna gharama.

Fanya hivi. Tafuta jiwe au tuta la kama nusu mita, sehemu ambayo ardhi ni imara, uwe na mtu wa kukuangalizia nje. Panda taratibu kwa tairi moja tu ya mbele mpaka ile ya nyuma ya upande huohuo inakaribia kuachia ardhi. Simama hapo, vuta handbreki, kaba tairi kwa mawe, toka nje. Usiingie chini ya gari hata kidogo, piga magoti ubavuni na tochi na uangalie ile kona iliyoning'inia. Anza na shokapu. Kama imevutika mpaka mwisho na imekaza kama kamba, basi shokapu ndo imeibeba ekseli, springi bado ilikuwa na hamu ya kushuka. Angalia hosi ya breki, je imenyooka? Hiyo ni hatari, ikikatika unapoteza sehemu ya breki ukiwa mlimani. Angalia shekeli, yani kile kipande kinachounganisha mwisho wa springi na chesisi, je imezunguka au imeganda palepale ilipokuwa gari ikiwa sakafuni? Kwenye gari za umri wa hiyo yako bushi zinakuwa zimekufa na pini zimeshika kutu, unakuta shekeli haizunguki kabisa, alafu majani ya springi nayo yameshikana kwa kutu yamekuwa kama chuma kimoja. Springi ya hivyo haiwezi kufunguka hata uiweke juu ya ekseli, hata uiweke juu ya paa.

Alafu zunguka uangalie kona iliyobanwa. Raba ya kugongea imeshagusa? Tairi imegusa matigadi? Na kama yako ina stabilaiza mbele, hiyo nayo kazi yake ni kuzuia tairi moja isiachane na mwenzake, barabarani ni nzuri lakini kwenye mawe inakunyima kilekile unachokitafuta.

Ukishaona hivyo utajua pesa ya kwanza inaenda wapi, na nina hakika kubwa itaenda kwenye kushusha springi, kuzitenganisha jani moja moja, kupiga brashi ya waya, kupaka grisi, bushi mpya, pini mpya, shokapu ndefu zaidi na hosi ndefu za breki. Shokapu usinunue kwa kubahatisha. Itoe ya zamani, iache ekseli ishuke na uisukume juu na jeki, upime kwa futi umbali kati ya kishikio cha juu na cha chini ikiwa imeshuka kabisa na ikiwa imebanwa kabisa, hivyo vipimo viwili ndo unampelekea muuza spea. Shokapu ikiwa ndefu mno kwenye kubanwa itagonga mwisho wake kabla ya raba na utaipasua.

Sasa tuwapime hao watu wako mmoja mmoja.

Wa kuongeza majani mkatae. Springi yenye majani mengi inainua gari kwa sababu ni ngumu, na SJ413 ni gari nyepesi, haifiki hata tani moja tupu, kwa hiyo kila kona imebeba kama kilo 240 hivi. Kilo 240 hazitaikunja springi ngumu. Utapata gari ndefu inayoinua mguu mapema kuliko sasa, alafu inapoinua inakuwa juu zaidi, yani umelipia tatizo lako likue. Na shekeli ndefu ukiongeza sentimita 10 gari inapanda kama 5 tu, na mbele inageuza pembe ya ekseli, stelingi inaanza kutangatanga barabarani.

Marafiki zako wanaosema springi juu ya ekseli wana hoja nzuri, hiyo sio ya kizamani hata kidogo. Kwenye hizi Suzuki unapata karibu sentimita 13 bila kugusa ulaini wa springi, na zile yubolti na sahani za chini ya springi ambazo saa hii zinakwama kwenye mawe zinaondoka njiani. Lakini wakikuambia ni kazi ya Jumamosi moja wanakudanganya. Vile vikalio vya springi inabidi vichomelewe upya juu ya ekseli, na pembe ya pua ya difu (lile boksi la gia la katikati ya ekseli) lazima ipangwe gari ikiwa imesimama kwa uzito wake wote, unashika kwa vidoa vya moto kwanza, unashusha gari, unapima, ndo unachomelea jumla. Na kuchomelea kwenyewe ni kipande kifupi, unahamia upande mwingine, unaacha ipoe, maana ekseli ya Suzuki ni nyembamba, ukiichoma mfululizo inapinda na sili za mafuta zitavuja mpaka uchoke. Propela shafti zinakuwa fupi. Fimbo ya stelingi inayotoka kwenye boksi inakaa mteremko mkali, kila ekseli ikipanda na kushuka usukani unajivuta wenyewe, kwa hiyo unahitaji mikono ya stelingi ya kuinua ile fimbo au fimbo iliyokunjwa maalumu. Na kubwa kuliko yote, springi laini ikikaa juu ya ekseli inajisokota ukikanyaga mafuta, pua ya difu inapanda, tairi zinaanza kurukaruka, na hapo ndo krosi (viungio vya propela) na shafti zinakatika. Dawa yake ni fimbo moja ya kuzuia ekseli isizunguke, inatoka kwenye ekseli kwenda katikati ya chesisi na mwisho wake wa mbele unaning'inia kwenye shekeli ili isizuie springi kucheza. Fundi asiyekutajia hiyo fimbo kwenye bei yake, achana naye.

Hiyo ndo gharama ya kazi. Kuna gharama nyingine inayoniuma zaidi kila nikiona gari zimelala ubavu. Upana wa SJ413 kutoka katikati ya tairi moja hadi nyingine ni karibu sentimita 130, nusu yake 65. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka ardhini. Gari hiyo ikisimama kwenye mteremko wa ubavu, kwa hesabu za darasani itapinduka ikifika nyuzi 47. Sasa ihamishe springi juu na uweke tairi za inchi 31, kitovu kimepanda kama sentimita 16, tumefika 76 na upana ni uleule, sasa inapinduka kwenye nyuzi 40. Na hiyo ni kwenye karatasi, gari ya kweli inalala upande kwa springi zake kwa hiyo inapinduka mapema zaidi. Nyuzi 7 kwenye mawe ni nyingi mno, ni tofauti ya kushika roho na kupita na ya kutoka kwa kupasua kioo.

Chukua njia nyingine. Inua springi sentimita 5 tu, weka tairi hizohizo za inchi 31, na pale zinapogusa bodi chukua grenda ukate matigadi badala ya kuinua gari kuikimbia bodi. Alafu tafuta rimu zinazotoa tairi nje sentimita 5 kila upande. Kitovu kimefika kama 69, nusu ya upana imekuwa 70, umerudi kwenye nyuzi 45 na difu zako ziko juu sawasawa na za yule wa springi juu. Hapa watu wengi hawapaelewi kwa hiyo narudia. Springi haiinui difu. Unaweza kuinua bodi mita nzima na lile tumbo la difu libaki palepale lilipo, kinachoinua difu ni tairi peke yake. Kutoka tairi yako ya sasa kwenda inchi 31 difu inapanda karibu sentimita 5, na hizo 5 ndo zinazokupitisha juu ya jiwe ambalo leo linakushika tumboni. Ukiweka 31 ekseli za Suzuki zinavumilia ukiwa na adabu na mguu wa kulia, ukienda 33 anza kubeba shafti za akiba.

Fundi wako wa Industrial Area simtukani, koili na linki ni mfumo bora kuliko springi kwenye mawe, hilo sibishi. Springi ya majani inafanya kazi mbili, inabeba gari na inaishikilia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Koili inabeba tu. Kazi ya kushikilia inabidi uwape linki, na hapo ndo mahesabu yanapoanza. Mbele ni afadhali linki tatu na fimbo ya Panhard (ile ya kuzuia ekseli isiende pembeni) kuliko nne, kwa sababu fimbo ya stelingi na ya Panhard zikilingana urefu na mteremko usukani unatulia, zikitofautiana unavutwa. Nyuma linki nne, mbili za juu zimekaa kama herufi V, hutahitaji Panhard. Pale kwenye ekseli, linki ya juu na ya chini ziachane angalau robo ya urefu wa tairi, kwa tairi yako ya 31 ni kama sentimita 20. Zikikaribiana, nguvu inayovuta vile viungio inakuwa kubwa mno na vishikio vinang'oka. Na mteremko wa hizo linki ukiwa mkali sana, ukikanyaga mafuta mlimani nyuma ya gari inajisukuma juu yenyewe, uzito unahama, gari inarukaruka na kutaka kukulaza chali. Sasa gari yenye mita 2 na sentimita 3 tu kati ya ekseli na ekseli, yenye tangi la mafuta nyuma, nafasi ya linki ndefu iko wapi? Inawezekana, watu wamefanya, lakini ni kazi ya kuhamisha tangi na kukata chesisi, na bajeti yako itaishia katikati, gari ikae juu ya matofali mwaka mzima. Hata ukipata pesa baadae, kabla hujampa muulize akuonyeshe mchoro wa pembe zote ekseli ikiwa juu na ikiwa chini, na akupe gari aliyoijenga uipande mwenyewe. Kama jibu ni "niamini mimi", rudi nyumbani.

Na hizo video za magari yanayoruka yakitua kwenye mawe, nyingi zinatoka Johnson Valley, California, kwenye mashindano ya King of the Hammers yaliyoanza 2007. Yale ni magari ya mbio, yanapita jangwani kwa kasi kubwa kisha yanaingia kwenye mabonde ya mawe siku hiyohiyo, ndo maana yanabeba shokapu kubwa zenye mtungi wa pembeni na mwendo mrefu wa kupanda juu. Wewe unatembea mwendo wa mguu. Mwendo unaouhitaji wewe ni wa kushuka chini zaidi, tairi ifuate shimo. Usinunue dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Nimebakisha kitu ambacho hukuniuliza na ndo kikubwa kuliko vyote. Tairi kubaki inazunguka hewani ni habari ya difu kabla haijawa habari ya springi. Difu ya kawaida inampa nguvu yule asiye na kazi. Hata gari yenye springi nzuri kuliko zote duniani kuna mahali tairi itakuwa nyepesi, na bila loki ya difu, yani kifaa cha kufunga tairi mbili zizunguke pamoja, unasimama hapo. Loki moja nzuri ya nyuma itakupitisha sehemu nyingi kuliko sentimita 13 za urefu.

Na gia. SJ413 kwenye gia ndogo ya fo wili na namba moja, injini inazunguka mara 31 au 32 hivi ili tairi izunguke mara moja. Ukiweka tairi za 31 na injini ikiwa silensa, yani bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko kama 900 kwa dakika, unatembea zaidi ya kilomita 4 kwa saa, hiyo ni kasi ya mtu anayetembea kawaida. Kwenye ngazi ya mawe ni kasi mno, unalazimika kukanyaga klachi, gari inagonga jiwe, springi inabanwa na kurusha, tairi inaachia. Watu wanashuka hapo wanasema springi mbaya! Seti ya gia za transfa (lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) yenye uwiano wa karibu 4.9 inakufikisha mara 67 hivi badala ya hizo 31, unatambaa kilomita 2 kwa saa bila kugusa klachi, na springi zilezile ghafla zinaonekana laini. Nusu ya lawama zinazopewa springi kwenye mawe ni za gia.

Kwa hiyo kwa pesa yako, kwa mpangilio wangu, huduma ya springi na shokapu na hosi kwanza, maana hiyo ni usalama. Alafu tairi, rimu na grenda, na ukifika kwenye mawe punguza upepo mpaka 12 psi, na gari nyepesi kama yako hata 10 inakubali kwa mwendo wa taratibu, tairi inalalia jiwe na kulishika. Alafu gia za transfa. Alafu loki ya nyuma. Ukimaliza hapo uende tena Magadi upite njia zako zote, na kama bado kuna sehemu inakushinda kwa sababu ya springi peke yake, nitafute tuongee habari ya springi juu ya ekseli pamoja na fimbo yake, kwa roho moja. Roli keji, ile fremu ya vyuma ya kukulinda gari ikipinduka, usiisahau hata siku moja, na kabla ya kukata chochote pita kwa watu wa bima na uulize ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, unataka nini kwa gari iliyobadilishwa.

Kuhusu Rhino Charge, ndoto yako ni nzuri na naiunga mkono. Ni mashindano yanayofanyika tangu 1989 kuchangia uzio wa kulinda misitu na wanyama, walianza na Aberdare, uzio wa kilomita karibu 400 ukakamilika 2009. Masaa 10, vituo 13, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, sio aliyewahi. Maana yake timu inanyoosha mstari, inapita korongoni na kwenye mawe na vichakani, na gari ikivunjika umeisha. Kwa hiyo gari rahisi unayoweza kuitengeneza kwa spana tatu ukiwa umelala kwenye vumbi ina nafasi nzuri kuliko ile ya viungio kumi na mbili vya kuagiza. Anza kwa kwenda kama msaidizi wa timu ya watu wengine, beba spana zao, ukimbie mbele ya gari kutafuta njia, utajifunza zaidi ya nilivyoandika hapa.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Maskati, nina Land Cruiser 79 pikapu ya 2012. Napenda kupanda Wadi Bani Awf na njia nyingine za milima ya Hajar na familia, nyuma nabeba madumu ya maji, hema na jiko. Nilipeleka gereji wakainua mbele na nyuma kama sentimita 8. Tokea siku hiyo kwenye lami usukani haurudi wenyewe na gari inatembea huku na huku, na nikitazama kwa nyuma naona ekseli ya mbele kama imesogea upande mmoja. Wanasema nitoe springi za nyuma niweke koili ndo itatulia. Kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Si kweli, na usitoe springi za nyuma. Kosa liko mbele. Mbele ya hiyo gari ni koili na mikono miwili mirefu inayoshika ekseli, ukiinua gari ile mikono inaelekea chini na ekseli inazunguka nayo, ile pembe inayofanya usukani urudi katikati wenyewe inapotea. Sentimita 8 ni nyingi kwa hilo. Wangetakiwa kukuwekea bushi za kurudisha pembe au vishushio vya mikono, kwa urefu huo mimi ningeenda vishushio au mikono iliyotengenezwa kwa ajili ya gari iliyoinuliwa. Na ekseli kusogea pembeni ni fimbo ya Panhard, ni ya urefu mmoja, gari ikipanda inaivuta ekseli upande wake. Weka ya kurekebishika, pima kutoka chesisi mpaka tairi kulia na kushoto, zilingane. Baada ya hapo nenda wapime pembe za tairi kwa mashine na wakupe karatasi uione mwenyewe kabla na baada.

Springi za nyuma ziache kwa sababu ya madumu. Maji lita 100 ni kilo 100, pamoja na hema na watu, springi ya majani inabeba huo mzigo bila kulalamika na ikivunjika jani moja unafunga na kurudi nyumbani. Koili ukiiweka ya kubeba mzigo huo inakuwa ngumu ukiwa mtupu, ukiweka laini inalala ukiwa umejaza. Kwa njia kama Bani Awf, ambayo ni makorongo na kona nyembamba zaidi kuliko ngazi za mawe, huna haja ya mwendo mrefu wa springi, una haja ya gari inayosikiliza usukani pale pembeni kwenye genge.

Kitu kimoja cha kukutahadharisha. Hizi 79 tangu zilipobadilishwa sura 2007 mbele ni pana kuliko nyuma kwa karibu sentimita 9 na nusu, ndivyo zinavyotoka kiwandani. Kwa hiyo ukimuongoza mtu apitishe tairi ya mbele pembeni mwa jiwe usidhani ya nyuma itafuata mstari uleule, itapita ndani zaidi na ubavu wa pikapu unaweza kulikwaruza. Wapo wanaoweka rimu za kutoa nje nyuma peke yake au ekseli iliyopanuliwa. Ya ekseli ni ghali lakini ndo sahihi, hizo rimu zinaongeza mzigo kwenye beringi na wewe tayari umebeba maji.

SWALI: Habari fundi, mimi ni dada yenu niko Denver. Nimenunua Jeep Wrangler TJ ya 2004, sio Rubicon ile ya kupanda mawe toka kiwandani, ni ya kawaida. Mwezi wa tano tunaenda Moab kule Utah na kikundi. Sina pesa ya kuinua saa hii. Kuna cha kufanya cha bei ndogo kwenye saspensheni?

JIBU: Nzuri dada yangu, hongera kwa gari. Kipo, tena wewe umeanza mahali pazuri maana TJ ina koili na linki kona zote tangu kiwandani, unachotakiwa ni kuiachia huru. Nunua zile linki za stabilaiza ya mbele zinazofunguka kwa pini bila spana. Ukifika mwanzo wa njia unazifungua, unaikunja ile fimbo juu na kuifunga kwa mkanda isiguse tairi wala hosi ya breki, na hapohapo utaona mguu wa mbele unashuka shimoni mahali ambapo mwanzo ulikuwa unaning'inia. Mabadiliko kwa pesa ile ni makubwa kuliko kitu kingine chochote ninachokijua kwenye hiyo gari.

Mawe ya Moab mengi ni mchanga uliogeuka jiwe, tairi inayashika vizuri sana hata kwenye mlima unaotisha ukiutazama, kwa hiyo ukipunguza upepo mpaka 15 psi na ukiwa kwenye gia ndogo utashangaa gari ya kawaida inavyopanda. Chagua njia rahisi na wenzako, mwambie kiongozi wa kikundi mapema kwamba huna loki wala hujainua. Na baadae ukipata pesa ya kuinua, zaidi ya sentimita 5 kwenye TJ propela ya nyuma inaanza kutetemesha gari, kwa sababu ni fupi na inaingia kwenye transfa kwa kuteleza, utahitaji kubadilisha ile shafti ya transfa na kuweka propela yenye krosi mbili upande wa juu. Iweke hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Na stabilaiza irudishie kabla hujagusa lami, mahali palipo tambarare, magurudumu yamenyooka, maana gari ikisimama upande matundu hayakutani na utahangaika bure. Beba pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye betri, jaza tairi zote nne, ndo uingie barabara kuu.